Jina la Kale, Injini Mpya: Nasaha kwa Anayetamani Bonneville

Wanangu, swali hili mnaniuliza kila mnapokuja kunijulia hali hapa Coventry: Mzee, hizi pikipiki mpya zilizoundwa kwa sura ya zile za zamani zina maana yoyote, au ni urembo wa kumlia mtu pesa zake? Wengine mnauliza mkiwa mmeshaiona Triumph Bonneville dukani, tangi lake la rangi mbili limetenganishwa kwa mstari mwembamba, na moyo umeshakwenda. Nitawajibu kwa urefu. Pesa yenyewe ni nyingi, na pikipiki ni chombo kinachoweza kumrudisha mtu kwao akiwa na furaha au kisimrudishe kabisa.

Jibu langu ni kwamba ina maana, kwa masharti. La kwanza ni kujua unanunua nini.

Magharibi ya mji huu, mwendo mfupi tu ukielekea Birmingham, kuna kijiji kinaitwa Meriden. Kiwanda cha Triumph kilihamia huko mwaka 1942, baada ya mabomu ya Wajerumani ya Novemba 1940 kukiharibu kile kilichokuwa hapa mjini. Huko Meriden ndiko ilikozaliwa Bonneville T120, iliyotoka kama modeli ya mwaka 1959: silinda mbili zilizosimama sambamba, cc 650, kabureta mbili. Mzizi wa injini hiyo ni Speed Twin ya mwaka 1937, kazi ya Edward Turner. Jina lilitoka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen alikimbiza chombo chenye injini ya Triumph kwa kasi iliyopita maili 200 kwa saa. Shirikisho la kimataifa la pikipiki lilikataa kuiidhinisha rekodi ile, lakini Triumph walikwisha kupata jina la kuuzia.

Na waliuza kweli, hasa Marekani. Kisha mwaka 1969 Honda ikaleta CB750 yenye silinda nne, breki ya diski mbele, na kitufe cha kuwashia injini. Hiyo ilikuwa pikipiki ya mtu kuvaa suruali safi na kwenda kazini bila kupiga kiki na bila tone la oili mguuni. Bonneville haikupata starta ya umeme mpaka mwaka 1980. Mnaona pengo hilo? Miaka kumi na zaidi! Watu wa Meriden hawakuwa wavivu wala wajinga. Mwaka 1973, waliposikia kiwanda kitafungwa, walikikalia, na kuanzia 1975 wakakiendesha wenyewe kama ushirika. Wakaitengeneza Bonneville mpaka mwaka 1983, pesa zilipokwisha. Kiwanda kikabomolewa, pakajengwa nyumba za kuishi, na barabara moja ya mtaa huo inaitwa Bonneville Close. Nendeni mkaione siku moja. Kijana anayetaka kununua jina anapaswa kujua jina hilo liliwahi kufa, na kwa nini lilikufa: chombo kilibaki na sura nzuri wakati watu walikuwa wanahitaji chombo kinachowaka.

Aliyelifufua ni John Bloor, mjenzi wa nyumba aliyeanzia kwenye kupiga lipu. Alinunua jina la Triumph mwaka huo huo wa 1983, akajenga kiwanda kipya Hinckley, si mbali na hapa, na pikipiki zake za kwanza zikaingia sokoni mwaka 1991. Sasa sikilizeni jambo ninalomheshimu nalo mtu huyu. Hakuanza na Bonneville. Angeweza kuichukua ile injini ya zamani, akaipaka rangi, akawauzia watu kumbukumbu zao. Badala yake alianza na pikipiki za kisasa za silinda tatu na nne, akahakikisha hazivuji na hazizimiki njiani, na ndipo mwaka 2001 akairudisha Bonneville, ikiwa na cc 790. Baadaye ikawa cc 865. Mwaka 2016 ikabadilishwa yote: T120 ya leo ina cc 1200, inapozwa kwa maji, ina nguvu ya farasi 80, breki za ABS, na kompyuta inayozuia tairi la nyuma kuteleza.

Kwa hiyo mnaponiuliza kama hii mpya ni Bonneville kweli, nasema ni Bonneville kwa ukoo, lakini ni mashine nyingine. Nimezifungua za aina zote mbili na hakuna kipande kinachohama kutoka moja kwenda nyingine. Ile ya zamani pistoni zake zilipanda na kushuka pamoja, na mtikisiko wake ulilegeza bolti, ukapasua mabano ya tangi na kuua balbu za taa. Hii ya sasa mkono wa krenki umepindwa nyuzi 270, ina vizito vya kutuliza mtikisiko, na inapumua kwa mdundo usiolingana ambao masikio ya vijana yanaupenda, ingawa Bonneville ya baba zao haikuwahi kulia hivyo. Nguvu yake inakuja chini kabisa, injini ikiwa haijafika hata mizunguko 4,000. Unaachia klachi, unafungua mafuta kidogo, na inakuvuta bila kelele. Kwa barabara za nchi hii zilizojaa kona na vijiji, huo ndio utamu hasa.

Kuna kijana ambaye, akisikia haya, atasema basi bora anunue ile yenyewe ya zamani. Simkatazi, ila namuuliza maswali. Una gereji yenye paa na taa? Una spana za Whitworth, ambazo si za milimita na wala si za inchi za kawaida? Uko tayari kwa gia iliyo mguu wa kulia na breki iliyo wa kushoto, kinyume cha pikipiki zote ulizojifunzia? Kuiwasha kunataka ubonyeze kidude cha kabureta mpaka petroli ichuruzike vidoleni, kisha upige kiki kwa mguu unaojua unachofanya. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10, na kilevi kilichomo ndani yake hula mipira na mabomba ya mafuta ya pikipiki za zamani, kwa hiyo utalazimika kununua ile ya bei ya juu. Kwa upande wa heri, chombo kilichotimiza miaka 40 hapa hakilipiwi ushuru wa barabara, na kwa kawaida hakidaiwi ukaguzi wa kila mwaka. Bei yake nayo haishuki kama ya kitu kipya. Anayetaka kuwa fundi, anunue ya zamani, itamfundisha. Lakini anayetaka kwenda Wales Jumamosi na kurudi Jumapili, halafu Jumatatu awahi zamu, huyo ndiye aliyeundiwa pikipiki mpya yenye jina la kale.

Sasa nizungumze juu ya jambo linaloniudhi, nanyi mlipime. Bonneville za kisasa zinapewa petroli na injekta zinazoongozwa na kompyuta. Lakini ukitazama ubavuni mwa injini unaona kitu chenye umbo la kabureta ya Amal ya zamani, kifuniko chake na bolti zake, kana kwamba ndani mna sindano na bakuli la mafuta. Hamna. Ni sura tu. Rejeta nayo imebanwa katikati ya mabomba ya fremu ili isionekane. Rejeta naielewa, maana fundi ana haki ya kuweka kitu kisichopendeza mahali kisipoonekana. Kabureta ya uongo siipendi. Chombo kizuri hakihitaji kusema uongo. Ila ukiiinamia pikipiki hiyo hiyo utaona ule mstari wa tangi, ambao mtu wa rangi ameuvuta kwa mkono wake, kwa brashi, na hapo hakuna udanganyifu wowote. Vyote viwili vimo katika bei moja. Jizoezeni kutofautisha kazi na maigizo, kwa kuwa muuzaji dukani hatawasaidia hapo. Yeye anaviuza vyote kwa jina moja la urithi.

Na urithi wenyewe ni wa nani? Mtaonyeshwa picha za mwigizaji Steve McQueen na filamu ya *The Great Escape* ya mwaka 1963, pale mfungwa anapouruka uzio wa waya kwa pikipiki. Pikipiki ile ilikuwa Triumph TR6 iliyovishwa sura ya Kijerumani, na aliyeruka siye McQueen bali rafiki yake Bud Ekins. Nayasema haya bila kumdharau McQueen, ambaye alikuwa mwendeshaji wa kweli na mwaka 1964 alishindana katika mbio za siku sita huko Ujerumani Mashariki. Ninachotaka mwone ni kwamba mnauziwa kumbukumbu ya mtu mwingine, na hata yeye hakuiruka ile waya. Ukinunua pikipiki ili ufanane na picha, baada ya miezi michache picha itakuchosha na pikipiki itabaki chini ya turubai. Ukiinunua kwa sababu unapenda namna inavyokaa, inavyovuta na inavyosikika, itakudumu.

Wengine mnalalamika kwamba Bonneville nyingi leo zinaunganishwa Chonburi, Thailand, kwa hiyo si za Kiingereza tena. Malalamiko haya siyakubali. Mikono ya Chonburi inafunga injini vizuri kama ya Hinckley, nimezifungua nikaona. Aliyetoka kwetu Pwani akaja kufanya kazi katika viwanda vya watu asiwe wa kwanza kusema kazi nzuri ina kabila.

Na nikitaja hilo, sina budi kuitaja Royal Enfield, maana hapo ndipo ushauri wangu kwa wengi wenu ulipo. Royal Enfield ilianzia Redditch, kusini ya Birmingham, ikatoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901. Mwaka 1955 Bullet ikaanza kuunganishwa Madras, mji unaoitwa Chennai sasa, kwa ajili ya jeshi na polisi wa India. Kampuni ya Uingereza ikafa kufikia mwaka 1970 hivi. Ile ya India haikusimama hata mwaka mmoja. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii ufufuo kamili. Ni mtoto aliyeendelea kuishi ugenini baada ya nyumba ya wazazi kufungwa, kisha akarudi kutembea. Tena amerudi kweli, kwani sasa wana kituo chao cha uhandisi Bruntingthorpe, Leicestershire, na huko ndiko ilikofanyiwa kazi Interceptor 650 iliyotoka mwaka 2018.

Interceptor hiyo ina silinda mbili, cc 648, inapozwa kwa hewa na oili, na nguvu yake ni farasi 47. Namba hiyo ya 47 ina faida kubwa kwa kijana, maana ni kilowati 35, kikomo cha leseni ya A2. Hapa Uingereza A2 unaweza kuipata ukiwa na miaka 19. Leseni kamili ya A unaipata ukiwa na 24, au 21 kama umekaa na A2 miaka miwili. Bonneville T120 ukiwa na A2 lazima ibanwe nguvu kwanza ndipo uiendeshe. Interceptor unaipanda kama ilivyotoka kiwandani. Ilipoingia nchini humu iliuzwa chini ya pauni 6,000, wakati T120 mpya leo inapita pauni 11,000. Je, T120 ni bora zaidi? Ndiyo, rangi yake ni nzuri zaidi, breki zake zinashika zaidi, na injini ina nguvu karibu mara mbili. Lakini mtu mwenye miaka 22 anayepita Fosse Way, ile barabara iliyonyooka tangu enzi za Warumi, ambako mwendo una kikomo cha kisheria, zile farasi 33 za ziada atazitumia wapi isipokuwa mahali pa kumuua?

Njia nyingine ninayoipenda ni Bonneville iliyotumika ya cc 865, ile inayopozwa kwa hewa, na hasa za kuanzia mwaka 2008 zilipoanza kutumia injekta. Hizo ni injini nyepesi kuhudumia, hazina maji, na mafundi wengi wanazijua. Ukienda kuitazama, usianze na tangi. Chuchumaa. Tazama njiti za magurudumu kama zimeshikwa na kutu, tazama mabomba ya moshi kwa chini, vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa uone kama inaachana na meno. Kama mwenyewe ameiwasha kabla hujafika, subiri ipoe kisha uiwashe wewe. Kumbukeni pia kwamba pikipiki nyingi za sura ya kale, T120 mpya ikiwemo, zina magurudumu ya njiti yenye tyubu ndani. Ikitoboka njiani huwezi kuziba kwa nje kama tairi lisilo na tyubu. Utasubiri gari la kukubeba. Muuzaji hasemi hilo, na wanunuzi hawaulizi.

Sasa niseme la pesa, na hapa nazungumza nanyi kama mzazi.

Kule kwetu, iwe Mombasa, Tanga au Kigoma, kijana akinunua pikipiki mara nyingi amenunua kazi. Boxer au TVS inabeba abiria, inalipa ada ya shule, inajenga chumba. Hapa ni kinyume: chombo kinakula. Kuna bima, ambayo kwa kijana wa mjini inaweza kumwumiza kuliko bei ya petroli ya mwaka mzima. Kuna mnyororo mzito na kitako cha kuufungia sakafuni, kwa kuwa wezi wa pikipiki wako katika kila mji mkubwa wa nchi hii. Kuna koti, glavu, buti na helmeti, na hivyo havina mjadala. Halafu kuna ule mkopo wa dukani ambao malipo yake ya kila mwezi yanaonekana madogo. Usomeni mkataba mpaka mwisho. Katika mikataba mingi ya aina hiyo, baada ya miaka mitatu pikipiki bado si yako mpaka ulipe fungu kubwa la mwisho, na usipoweza unairudisha, au unachukua nyingine na kuanza upya. Nimewaona vijana wakizunguka humo humo miaka na miaka. Mnaotuma pesa nyumbani kila mwezi mjiulize kwa ukweli: mkopo huu ukikaza, nani atapunguziwa kwanza, kampuni ya fedha au mama? Ukijua jibu ni mama, huna pesa ya Bonneville bado.

Msinunue pia kwa matumaini kwamba itapanda bei. Zile za Meriden zimepanda kwa sababu hazitengenezwi tena. Hizi za leo zinatoka kiwandani kila siku, na ya kwako inashuka thamani siku unayoitoa dukani. Pesa yako inarudi kwa kuendesha tu. Ndiyo maana nasema pikipiki ya aina hii ina maana kwa anayeiendesha. Anayeilaza wiki sita ili isichafuke amenunua samani ghali.

Lakini ukiiendesha! Hilo silisemi kwa kupunguza. Unakaa wima, mikono imefunguka, unaona juu ya uzio wa miti mpaka mashambani. Haina kioo kikubwa cha kuzuia upepo, kwa hiyo ukipita maili 70 upepo unakusukuma kifuani na wewe mwenyewe unapunguza. Huo naona ni wema wake mkubwa kwa kijana. Pikipiki za mbio zinakupa raha ukiwa umeshavunja sheria. Hii inakupa raha kwa maili 50. Inakufundisha kufurahia mwendo ambao mwili wa mwanadamu unaumudu. Na asubuhi ya baridi, unapobonyeza kitufe ikawaka mara moja, mjue mnapata kile wafanyakazi wa Meriden walichotaka kuwapa watu ila hawakuwahi kupewa mtaji wa kukifanya.

Itunzeni. T120 inahudumiwa dukani kila kilomita 16,000, na muda huo mrefu umewafanya vijana wengi kudhani katikati hakuna kazi. Kazi ipo. Kuanzia Novemba barabara za huku zinamwagwa chumvi, na chumvi inakula kromu, njiti na vichwa vya bolti. Ioshe kwa maji baridi, ikaushe, ipake mafuta ya kinga. Cheni itie mafuta kila maili mia tatu au nne, na upime kulegea kwake kwa kidole. Pima upepo wa matairi kila wiki. Mkijifunza kubadilisha oili wenyewe ni vyema zaidi, hata kama stempu ya duka itakosekana kitabuni, ila msubiri kwanza muda wa dhamana uishe. Mtu aliyewahi kulala sakafuni chini ya pikipiki yake huiendesha kwa adabu tofauti.

Basi msimamo wangu ndio huo. Mwenye leseni kamili, mwenye pesa isiyo ya mkopo wala ya mama, na mwenye mahali pa kuifungia, anunue bila kuomba radhi kwa mtu. Mwenye miaka 20 aanze na Interceptor, au asubiri. Na yeyote anayekwenda kukagua iliyotumika asilipe hata amana kabla ya kuniita. Nitakuja na tochi na spana, na tutachuchumaa pamoja.